Baraza la Vina: Mizani Huhesabiwa kwa Mdomo

Barua za safari hii zimetoka mikoa ya Kigoma na Tabora. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kwa nini shairi lililotimia daftarini linachechemea likifika mdomoni. Nyingine tumezijibu kwa kirefu, nyingine kwa mistari michache tu. Mistari ya mifano isiyotoka kwenye barua tumeitunga wenyewe hapa safuni.

Mwalimu amenikata alama

*Shikamooni. Nasoma kidato cha tatu. Nimetunga shairi la kahawa ya kwetu Kalinzi, na mistari miwili ya mwanzo ni hii:*

*Mbuni wetu wa nyumbani, matunda yake twavuna,*
*Mvua ije shambani, maua huonekana.*

*Nimehesabu mara nne na kila mstari naupata mizani 16. Mwalimu kaandika 17 pembeni mwa wa kwanza na 15 pembeni mwa wa pili, akaniambia nirudi kwenye silabi. Nani yuko sahihi?*
— Mwanafunzi, Kalinzi

Marahaba, mwanangu. Mizani ni hesabu ya silabi, na mwalimu yuko sahihi: makosa yako yote mawili yamejificha kwenye herufi moja, m.

Mstari wa kwanza umeihesabu m pamoja na silabi inayofuata, ukapata *mbu-ni*, mizani mbili. Hivyo huhesabiwa mbuni ndege, yule mkubwa asiyeruka. Mbuni wa kahawa ni mti, na m yake inasimama peke yake: *m-bu-ni*, mizani tatu. Kipande chako cha kwanza kimekuwa na tisa badala ya nane. Mstari wa pili umefanya kinyume. Umeitenga m ya mvua ukapata *m-vu-a*, kumbe mvua ya mawinguni ni *mvu-a*, mbili tu. Huyo *m-vu-a* uliyemhesabu ni mtu avuaye samaki.

Kipimo chake ni kulitia neno kwenye wingi. Mbuni wa kahawa huwa *mibuni* na mvua samaki huwa *wavua*. M imegeuka, basi ina mizani yake. Mbuni ndege na mvua ya mawinguni hubaki vilevile katika wingi, basi m imeshikana na herufi inayofuata. Kwa kipimo hicho *mpenzi* ni tatu (wapenzi), *mbuyu* ni tatu (mibuyu), *mbegu* ni mbili, *mbele* ni mbili. Hata sifa hufuata njia hiyo: katika "mtu mbaya", *m-ba-ya* ni tatu, kwa sababu wingi ni wabaya, katika "nyumba mbaya", *mba-ya* ni mbili. Neno moja, mizani tofauti, kutegemea limesimama karibu na nani.

Maneno mafupi hayafuati kipimo hicho. *Mbwa, mbu, nchi, nge, nta, nne, nje* hayageuki katika wingi, lakini yote ni mizani mbili mbili. Sababu ni mkazo. Neno la Kiswahili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno hayo yasingekuwa na pa kuubebea kama m au n isingesimama yenyewe. Katikati ya neno nako kuna m za aina mbili: *a-m-ka*, *che-m-sha* na *ni-li-m-pa* zinajitenga, *si-mba* na *ku-mbe* hazijitengi.

Irabu mbili zikifuatana, kila moja ina mizani yake: *ta-a* mbili, *ku-u* mbili, *ma-u-a* tatu. Ila *mwana* ni *mwa-na*, mbili, maana hapo w si irabu. Maneno kama *labda* na *maktaba* yana ubishi wa siku nyingi: wengine huihesabu konsonanti iliyobaki bila irabu, wengine hawaihesabu. Kwenye mtihani yakwepe tu. Weka *huenda* penye labda, na mjadala umekwisha.

Tena usihesabu kwa kalamu. Litamke neno polepole kama unayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, na kila sauti inapofunguka kunja kidole kimoja. M iliyojitenga utaihisi midomo ikifumba na kungoja kidogo.

Mistari yako inapona kwa marekebisho madogo:

*Mbuni wetu nyumbani, matunda yake twavuna,*
*Mvua ikija shambani, maua huonekana.*

Nane kwa nane, yote miwili. Na picha ya maua baada ya mvua ni nzuri, usiiache.

Kina kimeniishia

*Ndugu wahariri, habari za kazi. Nauza mawese soko la Mwanga. Nimeanza shairi la kuyasifu, na kina cha mwisho nikakiweka "se" kwa heshima ya mawese yenyewe. Ubeti wa kwanza ulikuja wenyewe, wa pili ukanitoa jasho, wa tatu nimekwama wiki ya pili sasa. Au kipaji kimekauka?*
— Mchuuzi, Kigoma Mjini

Kipaji kipo, ndugu. Kilichokauka ni ghala la maneno. Hebu orodhesha maneno yanayoishia na "se". Ukiacha mawese lenyewe, karibu yote yatakayokujia ni vitenzi vya kutaka au kuomba: *akose, aguse, anuse, atese, atikise, apapase*. Si machache tu, bali yanakulazimisha uombe na kuamrisha wakati ulitaka kusifu. Kina maskini hukupokonya maneno kwanza, kisha kinakupokonya na maana.

Kiswahili kina vina matajiri, na utajiri huo unatokana na viambishi vya vitenzi. "Ka" inalishwa na *pendeka, vunjika, tajirika*. "Wa" inalishwa na vitenzi vya kutendwa vinavyoishia -iwa au -ewa, tena kuna *dawa, sawa, ziwa*. "Na" ina *pendana, patana*, "sha" ina *pendesha, rudisha*, na "za" ina *pendeza, poteza, jaza, maliza*. Irabu "a" inayotanguliwa na irabu nyingine ndiyo bahari yenyewe: *sikia, tembea, bomoa, chukua, dagaa*. Ukitaka vina vinavyotokana na majina zaidi, chukua "ma": *neema, salama, hekima, heshima, kisima, mlima, daima, mapema, nyuma, huruma*, na vitenzi vyake *sema, chuma, pima, simama*.

Sasa fanya hesabu kabla ya kutunga. Tuseme shairi ni la beti sita, mistari minne kila ubeti, na mstari wa nne ni kibwagizo kinachojirudia. Ukitaka vina vya kati, vya mwishoni mwa kipande cha kwanza cha mstari, na vya mwisho visibadilike tangu mwanzo hadi mwisho, yaani *mtiririko*, unahitaji maneno 18 ya kina cha kati na 18 ya kina cha mwisho, bila kurudia. Ukibadilisha kimoja kila ubeti na kingine kikabaki, shairi ni *ukara*: 18 kwa upande mmoja, na matatu matatu kwa ule mwingine. Ukibadilisha vyote kila ubeti, ni *ukaraguni*: matatu kwa matatu, basi. Anayeanza aanze na ukaraguni. Mtiririko unasifiwa kuliko yote, kweli, lakini mtiririko wa maneno ya kulazimisha ni mbaya kuliko ukaraguni ulio wazi.

Chora mistari miwili ya wima kwenye karatasi na uandike akiba ya maneno kila upande, zaidi ya unayohitaji. Ukihitaji 18, tafuta 25. Usipofika 25 kwa jioni moja, badili kina, bado hujapoteza chochote. Halafu tunga kibwagizo *kwanza*. Wengi hukiacha mwisho, na ndipo kinatoka kimechoka. Kibwagizo ndicho kitakachosikika mara sita, tena ndicho kinachoamua shairi zima linaelekea wapi.

Jihadhari na mitego miwili. Wa kwanza ni "ni". Kwa kuwa karibu kila jina la kitu linaweza kubeba -ni ya mahali, mtunzi mvivu hufunga kwa *mezani, njiani, moyoni, machoni*, na kila kitu kinakuwa kimewekwa mahali lakini hakifanyi kitu. Mtego wa pili ni kufunga mistari yote kwa vitenzi vya umbo moja: *wamependeza, wameongeza, wamemaliza*. Vina vimetimia, sikio limelala. Changanya jina na kitenzi.

Na mawese? Yatoe penye kina, uyaweke mwanzoni mwa mstari ambako hayadai kitu:

*Mawese yetu Kigoma, rangi yake yapendeza,*
*Chikichi tunazichuma, sufuriani twajaza,*
*Tunachemsha mapema, twakamua na kuuza,*
*Aonjaye mara moja, kijiko hatakilaza.*

Kina cha kati "ma", cha mwisho "za". Kibwagizo kina "ja" katikati peke yake, na hilo linaruhusiwa. Wengine hulipenda, maana sikio linashtuka kidogo na kujua ubeti umefika ukingoni. Kama kutwanga umekuona hakupo kwenye ubeti huu, una haki. Weka ubeti wa pili.

"Mbali" na "habari"

*Mwangaluka! Nimetunga ubeti wa nyuki nikaufunga kwa asali, mbali, habari na safari. Mgeni mmoja kutoka Tanga akacheka, akasema sina vina. Mimi nasikia vinafanana kabisa.*
— Mrina asali, Sikonge

Mwangaluka, ndugu yetu. Unasikia hivyo kwa sababu wengi wetu tumekua na lugha ya nyumbani yenye sauti moja tu pale ambapo Kiswahili kina mbili, l na r. Ulimi umezoea kupita kati. Mgeni wako hakusema uongo, ila angeweza kusema bila kucheka.

Kina ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti na irabu yake. "Li" na "ri" ni vina viwili. Bahati nzuri vyote ni matajiri, huna haja ya kuvichanganya: *asali, mbali, hali, mali, kali, swali, wali, awali* upande mmoja, *habari, safari, bahari, hatari, sukari, fahari, hodari, tayari* upande wa pili. Ukiona shaka, fungua kamusi uangalie tahajia.

Jozi nyingine zinazoponza watu ni *fedha* na *meza*, *hadithi* na *kiasi*: dh si z, na th si s. Pia *kupika* na *kupikwa*, *haba* na *nyumba*, *faida* na *kupenda*. Hizi tatu za mwisho wapo wanaozisamehe. Sisi tuko upande wa wakali, maana "ka" na "kwa" hata mtoto anazitofautisha. Shairi lenye kasoro ya vina au mizani huitwa *guni*, na ukilipeleka mbele ya watu wanaojua watakuambia jina hilo waziwazi.

Mizani imetimia, shairi haliimbiki

*Habari za huko. Mistari yangu ina 16 kamili, vina vipo, lakini nikiisoma ni kama baiskeli yenye tairi moja bovu. Tazameni:*

*Nilipokuwa naenda, Urambo niliwaona*
*Wakulima wanapanda, tumbaku kwa kushindana.*
— Mkulima, Urambo

Barua hii imetufurahisha kuliko zote, kwa sababu hapa ndipo mtu anaacha kuhesabu na kuanza kusikiliza.

Hesabu yako haina dosari: nane, nane, nane, nane. Tatizo ni pale unapopumua. Mstari wa mizani 16 una vipande viwili, *ukwapi* na *utao*, na katikati yake sauti husimama. Wewe umesimama mahali ambapo maana inataka kuendelea. "Naenda", wapi? Pumzi. "Urambo". "Niliwaona", nani? Pumzi. "Wakulima". "Wanapanda", nini? Pumzi tena. Mara tatu kitenzi kimekatwa na jambo lake. Msikilizaji anavutwa mbele na maana na kurudishwa nyuma na pumzi, na huko ndiko kuyumba unakokusikia.

Maneno ni yale yale karibu yote, yamehama tu:

*Urambo nilipokwenda, wakulima niliona,*
*Tumbaku wanaipanda, kwa kasi wakishindana.*

Sasa kila kipande kina wazo linalosimama. Usiache kamwe "ya", "wa", "na" au "kwa" ining'inie mwishoni mwa ukwapi. Na neno lisivunjwe katikati ya vipande viwili, nusu huku nusu kule.

Kuna jambo la pili, ambalo halimo kwenye hesabu ya mizani. Mizani husema silabi ni ngapi. Haisemi mapigo ni mangapi. Kwa kuwa kila neno lina mkazo mmoja, silabi nane za "walipokutanishana" zina pigo moja zito, na kipande kinajikokota. Silabi nane za "baba mama kaka dada" zina mapigo manne, na kipande kinagonga kama ngoma. Vyote ni nane. Ubeti wa vipande vya maneno manne manne unachosha upesi, na ubeti wa maneno marefu marefu hauna mwendo. Maneno mawili au matatu kwa kipande ndiyo yanayokwenda vizuri, na mpangilio ubadilike: hapa tano kwa tatu, pale nne kwa nne, kisha tatu kwa tano. Kibwagizo kinastahimili mapigo mengi zaidi, maana kinapokewa na watu.

Jipime kwa makofi. Soma mstari na upige kofi kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ya kila neno kubwa, uyaache madogo kama "kwa" na "na". Makofi yakiwa mbali mno na kisha yakasongamana ghafla, hapo ndipo penye tairi bovu.

Kukata na kurefusha maneno

*Je, ni lazima niandike "mato" badala ya macho ili shairi liwe shairi?*
— Msomaji, Nzega

Hapana. "Mato" na "ndia" (njia) ni maneno ya Kimvita, na Muyaka bin Haji wa Mombasa katika karne ya 19 alitunga kwa lugha aliyoisema. Wewe tunga kwa unayoisema. Kufupisha neno ili mizani itimie, kwa mfano *mekuja* badala ya nimekuja, huitwa *inkisari*. Kurefusha huitwa *mazda*. Ruhusa hizo zipo, lakini zikizidi moja kwa ubeti, wasomaji huanza kuhesabu mikato badala ya kusikiliza.

Mwanangu anasoma shairi kama tangazo

*Wahariri, salaam. Binti yangu wa darasa la sita amepewa shairi alisome mbele ya shule. Analisoma kama anatangaza mkutano wa kijiji. Nimsaidieje, nami si mtunzi?*
— Mama, Uvinza

Mama, huhitaji kuwa mtunzi, unahitaji masikio na nusu saa kila jioni. Tumia ubeti huu wa kujaribia kabla hajagusa shairi lake:

*Giza limetanda pwani, taa zote zimewaka,*
*Mitumbwi imo majini, nyavu chini zimeshuka,*
*Dagaa wamo wavuni, jogoo ameshawika,*
*Asiyelala usiku, asubuhi hutajika.*

Mwanzo aueleze kwa maneno yake, bila kuusoma. Ni usiku gani huo? Usiku usio na mwezi, ndiyo maana taa zimewashwa: mwezi ukiwa mkubwa, taa ya mvuvi haivuti dagaa. Mtoto asiyejua anachosema hawezi kukisema vizuri, na walimu wengi huruka hatua hii.

Kisha asome kwa sauti akipumua kwenye mkato tu, kati ya ukwapi na utao, si kwingine. Ukwapi sauti iachwe juu kidogo, kana kwamba anauliza. Utao ishuke na kutua. Akifika mstari wa nne apunguze mwendo. Watoto hukimbilia mwisho kwa sababu wanataka kukaa, na kibwagizo ndicho kinachoumia.

Halafu auimbe. Ndiyo, auimbe, kwa sauti ya wimbo wowote anaoujua unaobeba silabi nane kwa nane. Shairi la Kiswahili lilikuwa la kuimbwa kabla ya kuwa la kusomwa, na mizani ilikuwa kipimo cha sauti ya wimbo kabla ya kuwa mtihani. Akirudi kusoma baada ya kuimba, usomaji wa tangazo utakuwa umepungua sana. Kama shairi lina kibwagizo kinachorudi, mpokee wewe na wadogo zake.

Na hili ni la kufurahia, si la mashindano: mwambie afunike ubeti kwa karatasi abakishe vina vya mwisho tu, avisome kutoka juu kwenda chini. *Zimewaka. Zimeshuka. Ameshawika. Hutajika.* Usiku mzima wa uvuvi umo humo. Taa zinawashwa, nyavu zinashuka, jogoo anawika, mtu anapata. Na "hutajika" ina sura mbili, kuwa tajiri na kutajwa kwa jina. Shairi lililotungwa kwa uangalifu, safu yake ya vina huwa na la kusema. Lililotungwa kwa kulazimisha, safu hiyo ni kelele. Mtoto akishaijua mbinu hii atakagua kila shairi analokutana nalo, hata la mwalimu wake, na mumwombee heri.

Kwani vina ni vya lazima?

*Vijana siku hizi wananiletea maandishi yasiyo na vina wala mizani wakiyaita mashairi. Semeni kitu.*
— Mzee, Ujiji

Shikamoo, mzee wetu. Unauliza kutoka mji wenye haki ya kuuliza. Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa huko Ujiji mwaka 1924, ndiye aliyeziandika kitabuni sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na tangu hapo anayejadili vina na mizani hujadiliana naye, akimkubali au akimkataa. Miaka ya 1970 Euphrase Kezilahabi na wenzake wakatunga bila vina wala mizani, na ubishi ulikuwa mkali. Leo shule zinafundisha yote mawili.

Rai yetu: shairi huru ni shairi, lakini si njia ya mkato. Aliyeondoa vina ameondoa alama iliyomwambia msikilizaji mstari umekwisha, na lazima aweke kitu kingine mahali pake: picha, urudiaji, mahali pa kukata mstari panapobadili maana. Waambie vijana wako wakuletee kwanza beti tatu za ukaraguni. Akizimudu kisha akaamua kuviacha vina, ameviacha. Asiyezimudu hakuviacha, vilimkimbia.

Je, wanaofokafoka wana mizani?

*Narekodi muziki wa kizazi kipya. Vina ninavyo, lakini mizani sihesabu.*
— Kijana, Gungu

Unahesabu, ila si kwa silabi. Mpigo wa muziki ndio unaokubana. Ndani ya mapigo manne unaweza kuingiza silabi nane au kumi na tano, mradi kina kidondoke kwenye pigo. Jaribu kuandika ubeti mmoja wa 16 kamili, nane kwa nane, na kuufoka bila kuubadilisha: utagundua ni silabi zipi umekuwa ukizimeza.

Utenzi ni rahisi zaidi?

*Nataka kutunga utenzi wa safari ya treni, kwa kuwa mistari ni mifupi. Nianzie wapi?*
— Msomaji, Nguruka

Mifupi, ndiyo: mizani nane, kipande kimoja, hakuna kina cha kati. Lakini utenzi hauishi kwenye beti sita. Mistari mitatu ya kwanza inafanana vina, na hivyo hubadilika kila ubeti. Mstari wa nne hubeba kina kimoja, kiitwacho cha *bahari*, tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho:

*Treni yatoka Tabora,*
*Ina watu, biashara,*
*Honi yapiga ishara,*
*Kigoma inangojewa.*

Ukikusudia beti 60, bahari yako inadai maneno 60. Ndiyo maana hapa tumechagua "wa", inayolishwa na vitenzi vya kutendwa vinavyoishia -iwa au -ewa. Tena mstari wa nne usiwe wa kujaza nafasi. Mistari mitatu ikisimulia, wa nne ufunge tukio au ufungue linalofuata, la sivyo utenzi unasimama kila kituo kama treni ya mizigo.

Andika majina ya vituo vyote kwa utaratibu kabla ya kuanza, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza na vinginevyo, na ugawe beti kwa kila kimoja. Pembeni mwa daftari weka safu ya maneno ya bahari uliyokwisha kuyatumia. Ukifika ubeti wa 30 hutakumbuka tena kama *inangojewa* ilipita au la.